Hodi ya Somo Yako

Kibuli, Kampala
Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Ninaiandika shikamoo hii nimekaa chini kwenye mkeka, miguu nimeikunja upande, na ungeniona ungecheka, maana mwanao siku hizi anapiga magoti. Huku mwanamke haamkii mkubwa akiwa wima kama mlingoti wa bendera. Basi pokea na magoti yangu, ndiyo zawadi ya kwanza.

Hali yako vipi? Mgongo bado unakusumbua? Na baba je, mkono umeanza kushika kikombe? Dada aliniambia kwamba tangu kiharusi kile neno la kwanza alilolitamka ni "maji", la pili jina lako, na la tatu ni tusi alilomtukana jirani aliyemwaga taka mlangoni. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Mwambie nampa shikamoo, na tusi lake limenifurahisha kuliko salamu zote nilizopata mwaka huu.

Sisi tu wazima, Alhamdulillahi. Mkweo Twaha hajambo, yuko dukani kwake Kikuubo anauza masufuria na chupa za chai, anatoka jua halijachomoza na kurudi baada ya isha. Somo yako Rehema hajambo, anakaribia miaka miwili. Hivi ninavyoandika amelala mapajani mwangu, kalamu inapanda na kushuka na pumzi zake, kwa hiyo hati ikienda mrama usinilaumu.

Najua utasema, Mwanaidi, simu ipo, barua ya nini? Mama, simu yako inasikika mpaka kwa muuza mihogo. Unaiweka sauti ya juu ili baba asikie, na pamoja na baba anasikia shangazi, wanasikia watoto wa jirani, na mpita njia naye anasimama kutoa ushauri. Ninayotaka kukwambia leo si ya muuza mihogo. Ndiyo maana barua hii nitampa Mama Salama, jirani yetu hapa, Mtanga mwenzetu anayekuja huko kwenye harusi ya kwao. Isome peke yako kwanza. Pale mwishoni ndipo umsomee baba.

Kila nilipokupigia nikakwambia mtoto anaendelea vizuri, sikukudanganya kwa kila kitu. Meno yaliota, akatambaa, akatembea. Lakini uliponiambia, "Mpe simu nimsikie somo yangu," nilikwambia amelala. Siku nyingine nikasema amekwenda kwa bibi yake. Hakuwa amelala, mama. Alikuwa pale pale mbele yangu, ananiangalia. Hakuwa na neno hata moja la kukwambia.

Natamani ningezaa huko kwetu Ngamiani. Nalisema hili sasa kwa sababu nimechoka kulimeza. Unakumbuka mimba ilivyokuwa kubwa, na desturi yetu mimba ya kwanza hurudi kwa mama, mara baba akaanguka. Wewe ukawa na mgonjwa wa kugeuzwa kitandani. Mie nikasema nikienda nitamwongezea mama kazi. Twaha akasema safari ni ndefu, basi litamtikisa. Mama yake akasema watoto wote wa nyumba hii wamezaliwa kwenye kilima hiki. Wewe mwenyewe ukaniambia, "Mwanangu, kaa na wakwe zako, Mungu yuko kote." Kila mtu alisema neno la busara, na busara zote hizo zikaniacha peke yangu na mtoto mchanga.

Zamani nilipokuwa nakuona umemzunguka Dada Mwanaisha kwenye arobaini yake, mara kufungwa mkaja tumboni, mara kukandwa na maji ya moto, mara uji wa pilipili manga, na chumba kimejaa wanawake wanaopayuka asubuhi mpaka jioni, nilidhani mnakuja kupiga umbea. Nilikuwa mjinga. Mzazi hakuachwa peke yake hata kidogo, na yule mtoto hakuwahi kufumbua macho mahali palipo kimya. Umbea ule ndio uliomlea, mama. Kila aliyeingia alimwinamia akamwambia jambo, hata kama jambo lenyewe ni bei ya nazi.

Nisimsingizie mama mkwe wangu. Mtaa mzima unamwita Hajati, nami namwita hivyo hivyo. Yeye anakaa nyumba kubwa, sisi tuna vyumba viwili nyuma, ua uko katikati. Alinihudumia kwa mikono yake. Alichemsha kyogero, majani yao ya kuogeshea mtoto, akamwogesha. Alinipikia matoke laini na supu ya kuku, akanifulia mpaka nguo ambazo mtu humfichia hata mama yake. Anayemsema vibaya mwanamke yule atajibu kwa Mungu. Hajati alimpenda mtoto tangu siku ya kwanza, akamwita Lehema, maana huku herufi ra na la zimechangamana, hakuna anayehangaika kuzitenganisha.

Basi siku moja, arobaini haijaisha, nilikuwa namwogesha mwenyewe. Moyo wangu siku hizo ulikuwa mzito, sijui hata niueleze vipi. Nilikuwa nalia nikimenya vitunguu, nalia nisipomenya. Lakini siku ile maji yalikuwa ya uvuguvugu, mtoto kanyoosha miguu, nikajikuta namsemesha kama unavyosemesha watoto wewe. "Nani huyu? Nani huyu mwenye tumbo kama tungi? Nani kamleta mtoto huyu kwetu, kaja na basi gani?" Naye akanikodolea macho, akanyanyua midomo kama anayetaka kujibu.

Hajati alikuwa mlangoni na taulo. Taulo likamponyoka.

"Lugha hiyo usimpe mtoto," akasema kwa Kiganda, na hiyo niliielewa yote. "Yako baki nayo. Mtoto usimpe."

Hakufoka. Angefoka ningemjibu, unanijua mdomo wangu. Alikuwa anatetemeka. Jioni nikamuuliza Twaha, akasema, "Mama ana mambo yake na Kiswahili. Hata sisi hakuturuhusu tukiseme humu ndani. Mnyamazie tu, jifunze Luganda." Na huyo anayesema hivyo, mama, kutwa nzima anauza kwa Kiswahili. Wakongo wanakuja kwake, Wakenya wanamletea mzigo, anabishana nao bei mpaka koo linamkauka. Akifika nyumbani anafunga mdomo pamoja na duka.

Nikajaribu hicho Kiganda. Nilikisema dukani, muuza sukari akacheka hadi akashika meza. Nikarudia Kiswahili, ikawa balaa zaidi, wakanipachika jina la Afande, kwa sababu hapa Kiswahili ni lugha ya askari na polisi, mwanamke wa kawaida anayekisema vizuri wanamtazama kama anakuja kukagua vibali. "Afande amekuja, jificheni!" Walikuwa wanatania, nami siku nyingine ningetania nao. Lakini mzazi mwenye moyo mzito hana utani. Nikaacha kutoka.

Ndivyo nyumba yangu ilivyonyamaza. Lugha yangu imekatazwa, yao nikiisema nachekwa, basi nikawa namvika mtoto kimya, namlisha kimya, namlaza kimya. Usingizi ulinikimbia, chakula kikawa kama majivu, maziwa yakapungua. Kuna siku alikuwa akilia nami nimekaa kitandani namtazama tu, kama mtoto wa mtu mwingine, mpaka Hajati aje ambebe. Mama, nilimpenda. Nakwambia nilimpenda. Lakini upendo wenyewe ulikuwa umefungiwa ndani, hauna mlango wa kutokea. Tukamwekea katuni kwenye televisheni, akawa anakaa mbele yake mchana kutwa, midomo imemning'inia.

Watu husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mie nilingoja mshindo, sikuusikia. Mtoto wa jirani, aliyezaliwa karibu pamoja na wangu, akawa anaita paka, anaita maziwa, anamfukuza kaloli, yale madege makubwa mabaya yanayosimama kwenye majalala hapa. Wa kwangu hasemi. Kuitwa anageuka, adhana ya msikitini anaisikia, lakini hasemi, wala habwabwaji. Na jambo lililonimaliza kabisa ni hili. Siku moja alikuwa amekaa dirishani, akatazama nje, akaweka mkono shavuni, akashusha pumzi ndefu. Hivi, mama, kama mwanamke aliyefiwa. Jirani akacheka, "Looo, mtoto mzee huyu!" Mie sikucheka. Niliijua pumzi ile. Ilikuwa yangu. Katika vyote ambavyo mama humpa mtoto, hicho ndicho alichokuwa amejifunza kwangu.

Mmoja akasema ulimi umefungwa, ukatwe chini. Mwingine akasema jicho la mtu. Hajati aliomba dua, akamnywesha zamzam, akamshika ulimi kwa kidole akasoma. Alimwombea mtoto aseme, na mlango wa kusemea alikuwa ameufunga yeye mwenyewe. Hakujua, masikini, wala mie sikujua kumwambia.

Homa ndiyo iliyotupeleka zahanati moja huko Makindye. Nesi wa pale ni mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, amekulia kambini, baba yake alikuwa askari. Nilimnong'oneza Rehema, "Kaa vizuri, mama, usiogope," nikidhani hakuna anayenisikia. Yule nesi akageuka kama aliyeitwa jina lake.

"We! Swahili tamu hivyo umetoa wapi?"

Nikamwambia Tanga. Akampima mtoto homa, akamgongea kijiko nyuma ya sikio, akamtazama mdomoni. Kisha akaweka kijiko chini. "Masikio iko sawa. Ulimi iko sawa. Sasa niambie, huko nyumbani nani anaongea na yeye?"

Nikasema, "Televisheni."

"Televisheni inamjibu?"

"Haimjibu."

"Na wewe? Wewe nani anaongea na wewe?"

Mama, nilifungua mdomo nimjibu, kilichotoka ni kilio. Nililia mbele ya wagonjwa, mbele ya mlinzi, kamasi zinatiririka, nami nilivyokuwa mtu wa kujisitiri! Yule nesi hakunibembeleza. Alinipa kitambaa, akangoja. Kisha akasema mtoto mdogo anamtazama mama yake kwanza ndipo ajue kama dunia ni mahali pa kuchekea. "Wewe uko mgonjwa ya moyo, na yeye anakaa kimya kama mtu amekuja kuona mgonjwa. Ana heshima, huyu mtoto. Tutaangalia yeye, lakini tutaanza na wewe." Ndivyo alivyosema, na tangu siku hiyo kila Alhamisi nakwenda. Tunakaa wanawake kadhaa na watoto wetu, tunasema yaliyotukaba. Usiku nalala sasa, si kila usiku, lakini nalala.

Nilipomweleza kwamba Kiswahili kimepigwa marufuku kwa mtoto, alicheka kwa nguvu. "Mimi baba Mlugbara, mama Mwacholi. Bila Swahili mimi singezaliwa! Hiyo lugha ndiyo ilikuwa inanibembeleza nilale." Halafu akaacha kucheka. "Lakini huyo mama mkwe usimdharau. Uliza yeye anaogopa nini."

Sikuuliza. Nilimwambia Twaha kwanza, anakula. Akaacha tonge mkononi. "Kwani huwa hamsemi? Siku nzima?"

"Tuseme kwa lugha gani, Twaha?"

Akalirudisha lile tonge sahanini. Akasema, "Nilidhani mmezoea kimya. Nilikuwa nikiingia nasema, Alhamdulillahi, nyumba yangu ina utulivu." Akanawa mikono, chakula hakukimaliza. Lakini kumkabili mama yake hakuthubutu. Akaniambia, "Mama akienda darsani, mwambie mtoto utakalo." Basi tukawa wezi ndani ya nyumba yetu, tunaiba maneno saa za darsa.

Ungedhani yangekuja yenyewe. Hayakuja. Nilikaa mbele ya mwanangu sina la kumwambia, mimi, mtoto wako niliyetolewa darasani kwa kupiga soga! Ndipo siku moja nikakupigia, wewe ukasahau kukata simu. Nikakusikia. Ulikuwa unaongea na baba, na wakati huo baba hajasema hata hilo neno la maji. "Mzee, leo nimekupikia bada. Unaliona jua lilivyo kali? Kunguru kaiba kipande cha samaki, mbwa yule, yaani kunguru yule." Hakukujibu, nawe ukaendelea kama aliyejibiwa. Nilikusikiliza hadi salio likaisha. Nikajifunza tena kuongea, mama, kwa kukusikia ukiongea na mtu asiyejibu.

Nikautoa mchezo wako wa kanga. Nimejitanda ubwabwa, yaani mwili mzima gubigubi, kama ulivyokuwa ukijifunika wewe pale barazani, sisi tunakugonga goti, "Hodi!", nawe unakaa kimya makusudi, mpaka tukigonga tena ndipo unarusha kanga, "Karibuuu!" Rehema mara ya kwanza aliogopa. Mara ya pili akaja kunigonga goti kwa ngumi yake. Mara ya tatu nilipofunua alicheka, kicheko kisicho na sauti, mabega tu yanatikisika. Nilimwambia, sema hodi. Hakusema. Ilinipasa ningoje neno, lakini roho ya kungoja sikuwa nayo, nikawa namfungulia hivyo hivyo.

Siku moja mvua ikavunja darsa. Nimejifunika, nangoja kugongwa. Sikugongwa. Nikafunua kanga, naona miguu ya Hajati, imejaa tope jekundu.

Nilidhani ndiyo mwisho wangu katika nyumba ile. Alinitazama, akaitazama kanga, akakaa kwenye kigoda.

"Mchezo huo nani kakufunza?"

"Mama yangu."

"Baba yangu alikuwa akiucheza na kanzu yake," akasema.

Mama, kumbe watu hawa ni wetu. Babu zake walikuja na biashara kutoka pwani, na nyumbani kwao, yeye akiwa msichana, kilisemwa Kiswahili. Kisha zikaja zile enzi za taabu, askari ndio serikali. Magharibi imeingia, baba yake ameinama anatia udhu. "Waliokuja kumchukua hawakupiga hodi," akasema. "Waligonga kwa kitako cha bunduki, wakasema, Fungua!" Alikuwa akinieleza yote kwa Kiganda, ila neno hilo moja alilitamka kwa Kiswahili, na sauti yake ikawa ya mtoto. Baba hakurudi, wala mwili hawakuuona. Tangu siku hiyo mama yake akasema lugha ile imeshajua njia ya nyumba yao, na atakayeisema ndani anaiita irudi. Wakaiacha. Kwa miaka yote hiyo Hajati hakuisema.

Nilitaka kumpa pole. Pole ningempa kwa lugha ipi? Na yeye akanitazama, akamtazama mtoto aliyekuwa ameshika pindo la kanga, akauliza, "Ni mimi niliyemnyamazisha?"

Ningesema hapana. Ningesema ndiyo. Nilisema, "Sote, Hajati." Akainuka, akaenda zake, miguu imejaa tope.

Siku zilizofuata hakuja upande wetu. Chakula alituletea, akakiweka kizingitini, akaondoka. Alikonda. Twaha alikwenda kumwona, akarudi na macho mekundu, hakuniambia walisemezana nini. Nami sikucheza tena mchezo ule, nikaona nimefukua kaburi lisilo na mtu ndani.

Kumbe somo yako hakuacha. Juzijuzi, asubuhi moja nafua uani, mikono imejaa povu, nikamwona anaiburuta kanga yangu kwenye udongo, nguo niliyotoka kuifua! Nikataka kupiga kelele, nikanyamaza. Akavuka ua. Akafika mlangoni kwa Hajati, pana pazia tu, akajifunika kichwa, akawa kama kifurushi kilichosahaulika mlangoni. Akagonga fremu kwa ngumi. Hakuna aliyejibu. Akangoja, mama. Mie siwezi kungoja, yeye akangoja.

"Odi," akasema.

Hakuna herufi ha pale, wala hakuna uzuri wa sauti. Ilikuwa nzito, imekwaruza, kama mlango wa zamani. Lakini nilisikia, na mikono yangu ikabaki kwenye maji. Ndani nilijua yupo, nilisikia tasbihi ikigongana. Tasbihi ikasimama.

"Odi," akasema tena, kwa nguvu zaidi, ana hasira sasa.

Nikasikia kikohozi. Kisha sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanamke yule, ikisema neno ambalo hajalisema tangu usichana wake.

"Kalibu," akasema. "Kalibu, Lehema. Kalibu ndani."

Pazia likafunuliwa. Mie nilikaa pale pale kwenye maji machafu nikalia, safari hii kwa sauti, na mtaa mzima ukajua Afande analia.

Jioni Hajati alikuja kwangu. Aliniuliza, "Mama yako, baada ya karibu, alikuwa akisema nini?" Nikamwambia ulikuwa unasema, karibu, umekuja na nini? Na mtoto lazima aoneshe alichokuja nacho. Tangu hapo Rehema haingii kwa bibi yake mikono mitupu. Jana alimpelekea kiatu cha Twaha, leo jani la muhogo.

Usidhani yamekwisha. Ana maneno matatu tu, hodi, maji, na jingine ambalo sisi tunaamini ni "kaloli". Nesi amesema tuvute subira, asije mtu akatuahidi lolote. Wanasema majuto ni mjukuu. Mjukuu wako ninaye hapa mapajani, na majuto ninayo vilevile. Mwaka wake wa kwanza ulipita pasipo wimbo, pasipo umbea, pasipo wewe, na hakuna mahali nitakapokwenda kuuomba tena. Akishusha ile pumzi yake dirishani, na bado huishusha, ninageuka upande wa pili. Natamani ningejua mapema kwamba mtoto haanzi kulelewa na chakula. Natamani mtu angeniuliza lile swali la nesi nikiwa bado nina maziwa. Natamani ningekuja, hata kama ni kulala chini ya kitanda cha baba, nikusikie tu ukimwambia habari za kunguru.

Msalimie Dada Mwanaisha, mwambie nilimwonea kijicho kwenye arobaini yake na sasa najua kwa nini. Msalimie shangazi, dada wa baba, na asiisome barua hii hata akiapa. Msalimie kungwi wangu aliyenisuka siku ya harusi. Hata yule jirani wa taka msalimie, maana bila yeye baba asingepata neno la tatu. Twaha anawaamkia. Hajati naye ameniagiza nikuandikie salamu, na nilipomuuliza niandike kwa lugha gani, akaniambia, "Ya kwenu." Kisha akasema, "Ya kwetu."

Sasa hapa msomee baba.

Ijumaa baada ya swala nitapiga simu. Weka ile sauti yako ya juu, safari hii nakuruhusu, hata muuza mihogo asikie. Msogezee baba simu karibu na mdomo. Mtasikia kimya kwanza, msikate, wala wewe usiseme neno, najua itakuwia vigumu. Kisha mtasikia sauti nzito ya mtu mdogo inapiga hodi. Usiitike wewe, mama. Mwachie baba, hata ikimchukua muda. Huyu mtoto anajua kungoja.

Mwanao,
Mwanaidi, Mama Rehema